Bili ya simu 412,630 kwa wikendi moja, ofisi ilikuwa imefungwa. Ni mlinzi, ni fundi au ni majini?

#1 KaraniWaForodha
Wadau, habari zenu. Nisaidieni kabla sijamsingizia mtu.

Ofisi yetu ni ndogo, watu kumi na mmoja, tuko Mombasa Road, Nairobi, kazi yetu ni kutoa mizigo ya wateja bandarini na pale ICD Embakasi, ile bandari kavu. Bili ya simu haipiti elfu kumi na nane kwa mwezi. Ya mwezi jana imekuja 412,630. Nilidhani kuna mtu amekosea kuweka nukta. Nikaomba maelezo, nikatumiwa kurasa 34: Latvia, Somalia, Kuba, Latvia, Latvia, Maldivi, Latvia. Zote ni kuanzia Ijumaa usiku mpaka alfajiri ya Jumapili, na zote zimetoka ekstensheni 109, yaani nambari ya ndani ya simu moja ya ofisi. Hapa hakuna mtu mwenye shangazi Latvia.

Mfumo wetu ni kompyuta yenye Asterisk, programu inayoigeuza kuwa swichibodi, fundi alituwekea 2019, na laini zinaingia kwa njia ya intaneti. Bosi ameshahukumu: ni mlinzi wa usiku, eti ndiye pekee aliyekuwa na ufunguo. Mimi moyo unakataa. Mtoa huduma naye anasema tulipe kwanza ndiyo tuongee. Mnasemaje?

#2 Kijana_wa_Umoja
Mlinzi. Usiku baridi, simu ya bure iko mezani, ulitegemea asali ibaki wakati nzi yupo? Kwetu Industrial Area tulimpata mmoja akipiga Bungoma dakika arobaini kila usiku.

#3 FundiWaya
Bungoma si Latvia, ndugu yangu. Mlinzi akiiba simu atapigia mke wake.

Karani, fungua zile kurasa utafute dakika moja ambayo simu zimerundikana. Kisha uhesabu: ni ngapi zilikuwa hewani kwa wakati mmoja kutoka hiyo 109?

#4 KaraniWaForodha
@FundiWaya nimehesabu na rula mkononi. Jumamosi saa nane na dakika kumi na nne usiku kuna simu SABA kwa pamoja. Nne Latvia, mbili Somalia, moja Kuba.

#5 FundiWaya
Basi mlinzi wenu ana midomo saba. Mwombeeni msamaha.

Hiyo inaitwa wizi wa dakika. Kuna mashine zinazozunguka intaneti nzima mchana na usiku zikibisha mlango nambari 5060, ambao ndio mlango wa SIP, ile lugha ya simu za intaneti. Zikiitikiwa zinaanza kuuliza: 100 yupo? 101 yupo? Zikipata ekstensheni zinajaribu paswadi. Na mafundi wetu tunawajua, ekstensheni 109 paswadi yake ni 109. Mashine ikishaingia, simu yako imehamia kwa jamaa aliyeko huko anakojua mwenyewe, lakini Asterisk yako inaamini ni mtu wa ofisini.

Mwaka juzi nilifunga mashine mpya kule Westlands, nikaipa anwani ya IP iliyo wazi kwa intaneti nzima, nikatoka kununua chai na mahamri. Narudi, logi, daftari la mashine la matukio, tayari imejaa mabisho, mengine yamejitambulisha kabisa kwa jina "friendly-scanner". Urafiki gani huo.

#6 BodaYaSouthB
Swali la mjinga: huyo mwizi anapata nini? Ana nini cha kuongea na Latvia usiku kucha?

#7 Kamba_Mkononi
@BodaYaSouthB si la ujinga, hilo ndilo swali lenyewe. Haongei. Upande wa pili ni muziki au sauti iliyorekodiwa. Jamaa amekodi nambari kwa kampuni inayouza nambari za malipo ghali, na kila dakika inayoingia kwenye nambari hizo yeye anakatiwa fungu lake. Kwa hiyo anatafuta simu za watu wengine ajipigie. Wewe unamlipa mtoa huduma wako, huyo anamlipa aliyemkabidhi simu, huyo naye anamlipa wa mbele, na mwisho wa foleni kuna mtu anatabasamu.

Mara nyingi hata Latvia yenyewe simu haifiki. Inakatwa njiani na kuitikiwa kwingine, jina la nchi linabaki kwenye bili tu.

Ndiyo maana pia ni wikendi. Ijumaa usiku hadi Jumatatu asubuhi hakuna macho.

#8 MamaLedja
Na ndiyo maana mtoa huduma hataki kusamehe, ameshamlipa wa mbele yake. Mimi ni mhasibu, hili liliwahi kutupata sisi, kiasi sikitaji hapa maana nitalia. Tulichofaulu ni kumwonyesha kwamba simu za namna hiyo hatukuwahi kupiga hata moja kwa miaka mitano na mtambo wake haukushtuka. Akatusamehe faida yake, tukalipa kile alichokwisha kumlipa mwenzake. Usilipe yote kabla ya kuandikiana barua, dada/kaka.

#9 KaraniWaForodha
Ni dada. Asante.

Sasa kuna jipya. Nimefungua rekodi za mashine yenyewe na zinasema simu ya kwanza ilikuwa Ijumaa 20:10. Mama wa usafi hutoka saa mbili na nusu usiku. Bosi amemwacha mlinzi, sasa amemgeukia mama wa usafi.

#10 Kijana_wa_Umoja
😂😂 Kesho itakuwa zamu ya paka.

#11 Kamba_Mkononi
Dada Karani, bili ya mtoa huduma inasema simu ya kwanza ni saa ngapi?

#12 KaraniWaForodha
23:10. Dah. Nimepitia zote, tofauti ni masaa matatu kamili kila mstari.

#13 Kamba_Mkononi
Mashine yenu haijawahi kuambiwa iko Nairobi, inasoma saa ya UTC, saa ya dunia iliyo nyuma yetu kwa masaa matatu. 20:10 yake ni 23:10 yetu, saa tano na dakika kumi usiku. Mama wa usafi alikuwa ameshalala kwake. Mwambie bosi leo leo, tena mbele ya huyo mama.

Halafu rekebisha hiyo saa kabla ya kitu kingine chochote. Ukienda kuripoti na karatasi mbili zenye saa tofauti utaonekana umezitunga.

#14 KaraniWaForodha
Nimemwambia. Amesema "hmm". Kwa bosi wetu hiyo ni toba kamili.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Fundi alituahidi mashine hairuhusu simu za nje ya nchi baada ya saa kumi na mbili jioni. Hata kwa hiyo saa ya UTC, 20:10 ni baada ya kumi na mbili. Mbona zikapita?

#15 FundiWaya
Nina shaka aliweka sharti la saa kwenye simu ZINAZOINGIA. Lile linalofanya mteja akipiga usiku asikie "ofisi imefungwa". Zinazotoka zina sharti lake kando, kwenye njia ya kutokea, na wengi hawaligusi. Mteja anasikia "nimeweka saa" anaridhika.

#16 Mzee_Opereta
Vijana, shikamooni mniamkie 😀 Wizi wa simu haukuanzia kwa hizo kompyuta. Mimi nilikaa kwenye swichibodi ya hoteli moja mjini enzi za Posta na Simu, kabla ya 1999 kugawanywa. Meneja alikuwa anafunga simu kwa kufuli dogo, lile linaloingia kwenye tundu la kisahani cha kuzungusha ili kisizunguke. Anaondoka na ufunguo mfukoni, anajiona mjanja.

Sisi tulikuwa tunagonga kitako. Unanyanyua mkono wa simu, unabonyeza kile kitufe cha kukatia haraka haraka: moja ni mara moja, saba ni mara saba, sifuri mara kumi. Mombasa ilikuwa 011, kwa hiyo kumi, pumzika, moja, pumzika, moja. Ukikosea pumzi umeenda kwingine. Nilimpigia mchumba wangu hivyo karibu mwaka mzima, na kufuli liko pale pale linang'aa.

#17 BodaYaSouthB
Marahaba mzee... yaani shikamoo mzee. Na mchumba ulimwoa?

#18 Mzee_Opereta
Yuko jikoni hapa. Anasema tungelipa ile bili tusingekuwa na mahari.

#19 Kijana_wa_Umoja
Kama yule Mmarekani John Draper aliyevumbua filimbi ya kupigia simu bure.

#20 Mzee_Opereta
Hakuvumbua. Filimbi ilikuwa kidude cha watoto ndani ya boksi la nafaka za Cap'n Crunch, ikawa sauti yake ni hezi 2600, ile ile iliyokuwa ikiiambia mitambo ya masafa marefu kwamba laini iko wazi. Na kabla yake kulikuwa na kijana kipofu, Joe Engressia, aliyekuwa akiitoa sauti hiyo kwa mluzi wa mdomo tu.

#21 Msimamizi
Wazee, mluzi mfungulieni uzi wake. Turudi kwa dada.

#22 SwichiYaKale
Nimesoma yote, na mimi nampinga FundiWaya. Mnakimbilia 5060 kwa sababu ndiyo mnayoijua. Mimi nimefunga swichibodi tangu zile za Panasonic za laini tatu, na wizi niliouona mwingi haukupitia intaneti hata kidogo, ulipitia laini ya kawaida. Mtu anapiga nambari yenu kama mteja. Kama mashine ina DISA, ile huduma inayomruhusu bosi kupiga kutoka nyumbani kisha apewe laini ya ofisi, anabahatisha PIN. 1234 inafunguka. Ama anaingia kwenye sanduku la sauti la mtu ambaye hajabadilisha namba ya siri, maana kuna mifumo inakuruhusu ukiwa humo ndani upige nje. Ama kuna ekstensheni imeelekezwa nambari ya nje, mwizi anaipiga hiyo tu.

Na ule mtego wa zamani kabisa: mtu anapigia risepsheni, "mimi fundi wa laini, nijaribie, bonyeza 90# ukate". Kwenye swichibodi ambayo 9 ndiyo laini ya nje, umeshamkabidhi.

#23 FundiWaya
@SwichiYaKale 90# haifanyi kazi kila mahali, watu wametishwa nayo bure hadi kwenye simu za mkononi.

Na DISA hapa haiingii kwa hesabu ndogo tu. Anayepita kwa DISA anakula chaneli mbili, yaani nafasi za simu mbili: moja ya kuingia, moja ya kutoka. Simu saba zinataka chaneli kumi na nne. Dada, tranki yenu, ile laini kuu ya kwa mtoa huduma, ina chaneli ngapi?

#24 KaraniWaForodha
Mkataba unasema kumi.

#25 FundiWaya
Nimemaliza.

#26 SwichiYaKale
Hujamaliza. Kuna watoa huduma wanahesabu kumi za kuingia na kumi za kutoka kando kando. Umeusoma mkataba wa dada?

Dada, angalia rekodi za zinazoingia usiku huo huo. Kama ni DISA au simu iliyoelekezwa nje, kila inayotoka ina pacha wake aliyeingia. Kama hakuna hata moja, nitanunua chai.

#27 KaraniWaForodha
Nimeangalia. Mtanichanganya kabisa sasa.

Pacha hakuna. LAKINI Ijumaa hiyo kuna simu 23 zimeingia nambari yetu kuu kati ya saa 4:50 usiku na 5:08, kila moja sekunde nane, kumi, kumi na mbili. Nambari ya mpigaji imefichwa. Halafu kimya, halafu 5:10 Latvia inaanza.

#28 SwichiYaKale
Chai mtanunua nyinyi. Huyo alikuwa anabahatisha PIN.

#29 Kamba_Mkononi
Au alikuwa anajaribu alama. Ngojeni niwape mlango wa tatu ambao hamjautaja. Kwenye Asterisk kuna herufi mbili za amri ya kupiga, t ndogo na T kubwa. Ndogo inamruhusu anayepigiwa kuhamisha simu, kubwa inamruhusu anayepiga. Fundi asiyejua anaziweka zote kwa simu zinazoingia. Matokeo yake mtu wa nje anapiga, anaunganishwa na ekstensheni, ikishaitikiwa anabonyeza ## kisha nambari ya nje, na mashine inamtii kwa sababu inadhani ni mfanyakazi anayehamisha simu.

Sekunde nane hadi kumi na mbili zinatosha kuitikiwa na kujaribu alama mbili tatu.

#30 FundiWaya
Halafu ekstensheni 109 inaingiaje hapo? Kwa ## rekodi isingeandika 109. Hizo 23 ni za wasumbufu tu. Hazihusiani.

#31 Kamba_Mkononi
Kweli, kuhusu 109 sina jibu. Lakini 23 zinazoisha dakika mbili kabla ya wizi kuanza, na uniambie hazihusiani? Wewe ni wakili wao?

#32 WakiliBilaKoti
Nimesikia wakili. Fupi: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inafanya kuingia mfumo wa mtu bila ruhusa kuwa kosa, hata asipoiba kitu. Nenda kituo cha polisi, upate namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Mkimshika au msipomshika, hiyo namba ndiyo ya kuambatanisha kwenye barua kwa mtoa huduma. Akikataa kwa maandishi ndipo unapeleka lalamiko Mamlaka ya Mawasiliano. Ukienda huko kwanza watakuuliza kama umeanza kwa mtoa huduma. Na soma mkataba, karibu yote ina kifungu kinachosema usalama wa kifaa ni juu ya mteja.

#33 KaraniWaForodha
Kifungu kipo. Cha 14, herufi ndogo kama chungu.

#34 Nyaya_na_Ndoto
Huu ni sim box jamani, mbona hamsemi.

#35 Kamba_Mkononi
Hapana. Sim box ni kinyume chake: simu ya kutoka ng'ambo inaingizwa nchini kwa rundo la laini za mkononi ili ionekane ya hapa, kukwepa ada ya kuingia. Anayeibiwa pale ni kampuni ya simu. Hapa ameibiwa dada.

#36 KaraniWaForodha
Naomba tuache kidogo nani kaingilia wapi. Niambieni nifunge nini leo, maana kesho kutwa ni Ijumaa tena na bosi ameanza kutaja kung'oa kila kitu.

#37 FundiWaya
Usiku wa leo: paswadi za ekstensheni zote, ndefu, za kubahatisha, zisifanane na nambari. Kila ekstensheni iruhusiwe kuingia kutoka mtandao wa ofisi tu. 5060 kwenye faiwoli imfungukie mtoa huduma wako peke yake. Zima allowguest, inayopokea simu za wageni bila paswadi, maana Asterisk za zamani huja nayo imewashwa. Washa alwaysauthreject, hiyo inafanya mashine imjibu mbishaji kwa jibu lile lile ekstensheni iwepo isiwepo. Fail2ban pia.

#38 Kamba_Mkononi
Fail2ban isikupe usingizi. Inasoma logi, inamfungia anayebisha kwa fujo. Anayebisha mara moja kwa saa kutoka anwani tofauti haimwoni. Ila itakuona wewe ukikosea paswadi mara tatu, nina ushahidi, nilijifungia nje Krismasi nikiwa Machakos.

Kwangu la kwanza ni nchi. Mnapiga wapi kwa kazi?

#39 KaraniWaForodha
Dubai, Uchina, Tanzania, Uganda. Basi.

#40 Kamba_Mkononi
Basi funga dunia yote, ufungue 971, 86, Tanzania na Uganda. Na uangalie mitindo yote ya kuandika, hapa ndipo wengi huanguka. Mimi nilizuia kila kinachoanza na 000 nikalala fofofo. Wakapita kwa alama ya kujumlisha, tranki ilikuwa inaikubali. Na Tanzania kutoka kwetu ni 007, Uganda 006, ukizuia sifuri mbili zote kwa hasira umewafungia majirani. Kisha kama 9 ndiyo ya kutokea, jaribu 9-999 uone kama polisi bado wanapatikana. Usicheke, nimeona ofisi iliyozuia polisi.

#41 MamaLedja
Na mwambie mtoa huduma akuwekee kikomo cha pesa kwa siku, KWA UPANDE WAKE. Hayo yenu yote yako ndani ya mashine ile ile ambayo mwizi ameingia. Sisi sasa laini ya nje ya nchi ni ya kulipia kabla, tunaweka elfu tano. Zikiisha zimeisha, hata mwizi akija na baba yake.

#42 SwichiYaKale
Nakubaliana na mama. Ongeza: simu ya nje ya nchi isitoke bila PIN ya mtu binafsi, tranki ipunguzwe toka kumi hadi nne, mna watu kumi na mmoja tu. DISA ifutwe kabisa. Sanduku za sauti zisizotumika zifutwe.

#43 Kijana_wa_Umoja
Na fundi je? Mbona hakuna anayemgusa? Aliyefunga 2019 anajua kila paswadi. Mimi nimehama toka mlinzi, sasa kura yangu ni fundi.

#44 FundiWaya
Mafundi tusitajwe vibaya bila ushahidi. Dada, logi ya /var/log/asterisk itasema anwani ya IP iliyojisajili kama 109 usiku ule. Hapo ubishi wote unaisha. Ileteni.

#45 KaraniWaForodha
Hapo sasa. Logi zinahifadhiwa siku saba na bili ilikuja wiki ya tatu. Na huyo fundi alipita Jumatano, nikiwa ICD, akasema "amesafisha". Amefuta na zilizobaki.

#46 Kijana_wa_Umoja
🙂

#47 FundiWaya
...Kusafisha ni kawaida. Disko zinajaa.

#48 Mzee_Opereta
Zamani disko zilijaa Ijumaa.

#49 KaraniWaForodha
Taarifa ya jioni. Nimefunga yote mliyosema isipokuwa PIN, bosi anaikataa, anasema atasahau. OB nimepata, barua imeenda.

Halafu nimeitafuta hiyo 109. Ni ya kaka mmoja aliyehamishiwa ofisi ya Mombasa 2022. Hakuna aliyeifuta. Simu yake nimeipata kabatini stoo chini ya maboksi ya risiti, haijachomekwa popote, waya umezungushiwa shingoni na rababendi. Nikafungua mipangilio yake kwenye mashine: paswadi 109. Sanduku la sauti lipo, namba ya siri 109. Na simu zake zimeelekezwa nambari ya mkononi ambayo huyo kaka anasema aliitupa zamani.

#50 SwichiYaKale
Sanduku la sauti! Nilisema!

#51 FundiWaya
Paswadi 109! Nani alisema?

#52 Kamba_Mkononi
Na zile 23 bado hamjazieleza, nyote wawili.

#53 BodaYaSouthB
Dada, hiyo simu ya kabatini ni modeli gani? Kama haina kazi naweza kupita kesho.